Uzio wa Bibi Kando ya Barabara ya Makere

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi kando ya barabara ya vumbi upande wa Makere, na kwa miaka mingi hakuna mpita njia aliyeiona nyumba yake. Ilizibwa na uzio wa mti mmoja wenye miiba midogo na maua madogo madogo, ya njano katikati na ya waridi pembeni, uliosongamana hata kuku walipita kwa kulalia tumbo. Sisi tuliuita maua ya uzio, basi. Nilipoachwa kwa bibi, nikiwa mdogo, baada ya msiba wa baba, uzio ule ulikuwa vijiti tu vilivyochomekwa ardhini. Tulikua pamoja, mimi na vile vijiti, vyenyewe vikanipita. Nilipofika kidato cha tatu vilikuwa vimegusa paa, nami nilikuwa nimeshazoea kwamba nyumbani kwetu jioni huingia mapema kuliko kwa watu wengine.

Mama yangu alikuwa ameolewa tena, Kibondo. Alikuja mara chache, ameshika sabuni na kitenge cha kumpa bibi, akalala siku moja, akaondoka na gari la asubuhi. Yeye na bibi walizungumza kwa adabu nyingi mno. Mtu asiyewajua angedhani ni wageni waliokutana kanisani.

Mwaka ule shuleni kwetu alikuja mwalimu mpya wa baiolojia, mwanamke kijana kutoka Kagera, mrefu, anayetembea haraka kama mtu aliyeona wingu. Hakupenda kuchora mimea ubaoni. "Imejaa nje," alisema, "halafu mimi nichore?" Akaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji ili sisi wanafunzi wa klabu ya mazingira tupime ardhi ya malisho, ile inayoteremka kutoka barabarani hadi kijitoni, tuone mimea vamizi imeila kiasi gani. Kila Jumamosi tulitoka na kamba zilizofungwa mraba, mambo za mti, vile vigingi vidogo, na simu ya mwalimu ya kuonyesha mahali tulipo. Unatandaza mraba wako kwenye majani, unakaza pembe kwa mambo, unapiga magoti, unasema kilichomo ndani.

Siku ya kwanza mwalimu alivunja tawi la maua ya uzio, akalifikicha, akatunusisha mmoja mmoja.

"Hii inaitwa lantana," alisema. "Si ya huku. Ilitoka ng'ambo ya bahari, watu wakaipenda kwa ajili ya maua. Ndege wanakula matunda yake na kuangusha mbegu popote. Ikishika mahali, nyasi zinakufa chini yake."

Wenzangu walikunja pua. Mimi sikukunja. Ilikuwa harufu ya nyumbani, harufu ya nguo zangu za shule zilizoanikwa juu ya uzio, na nilishangaa kwamba wengine waliona inanuka.

Mraba wetu niliushika na rafiki yangu. Alikuwa msichana mkimya, mjukuu wa watu waliokimbia Burundi zamani na ambao sasa ni Watanzania kama sisi, wakilima muhogo na maharage kijiji cha pili. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alikuwa na tabia ya kung'ata ncha ya mtandio wake anapofikiri, na mwalimu alimgombeza kwa hilo kila wiki bila kufanikiwa.

Jumamosi moja tulimkuta malishoni jirani yetu wa karibu, mwanamume wa makamo niliyemwita baba mkubwa kwa heshima tu, si kwa damu. Alikuwa na ng'ombe wake waliobaki. Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba. Mnatafuta nini na hizo kamba, dhahabu?"

"Tunatafuta majani, baba."

"Majani!" Akacheka. "Basi mmefika. Mimi nilidhani siku hizi watoto wanasoma kompyuta."

Mwalimu akamuuliza habari za mifugo, na kicheko kikamwisha. Akaeleza jinsi ng'ombe wake walivyokufa, kiangazi hiki na kilichotangulia. Walianza kulikataa jua. Macho yakawa ya njano kama mawese. Ngozi ikababuka pale penye mabaka meupe, wakasimama kivulini hawali, wakafia hapo hapo waliposimama.

"Walikuwa wanakula hii?" mwalimu akaonyesha kichaka.

"Kiangazi ng'ombe anakula chochote kilicho kibichi."

"Ndiyo iliyowaua, baba. Ina sumu. Ini likiharibika, ngozi haivumilii jua tena."

Baba mkubwa akakitazama kile kichaka muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Watu wamesema mengine," alisema. "Muulizeni huyu binti. Bibi yake anakaa gizani mle ndani, hatoki hata kuota jua. Mtu mwema hajifichi hivyo."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyajua kwa namna watoto wanavyojua, kwa vitu vidogo. Kwenye harusi za kijiji bibi hakuitwa kupika. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na benchi hilo lilichelewa kujaa. Mtoto wa jirani akiumwa tumbo, mama yake alimvuta ndani tulipopita. Lakini hakuna aliyewahi kuyasema mbele yangu, mchana, tena mbele ya mwalimu. Rafiki yangu akainama, akang'oa mambo ambayo haikuwa na haja ya kung'olewa, akaichomeka tena.

Mwalimu alisema tu, "Asante baba, umetusaidia," na alipotupeleka mbali kidogo akatuambia kazi ya siku ile: kutafuta lantana ilikoanzia. Mahali ilipofika jana shina ni jembamba, ilipokaa miaka shina ni nene. Fuateni unene.

Tukafuata. Chini, karibu na kijito, mashina yalikuwa kama kidole. Katikati ya mteremko yakawa kama fimbo ya kuchungia. Tulipanda tukivuka vichaka, tukichanika sketi, na kila tulipopanda yalizidi unene, mpaka yakawa kama mkono wangu. Nilikuwa nimeinama, nafurahia kazi, nikiita, "Huku! Huku ni manene zaidi!" Rafiki yangu akanigusa kiwiko.

"Hebu tazama juu," alisema polepole. "Si kwenu pale?"

Niliinua macho nikaona bati la nyumba yetu.

Bibi alisikia sauti, akatoka akijifuta mikono. "Mwakeye," alitusalimu kwa Kiha, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Mwalimu akajaribu kuitikia, akalitamka neno kwa Kihaya chake, na bibi akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mbele ya mgeni. Akatuketisha wote kwenye mkeka chini ya ule ukuta wa majani, akaleta viazi vitamu na karanga za kuchemsha. Mwalimu alikula. Rafiki yangu alikula mpaka bibi akamwongezea. Wengine wawili watatu walishika kiazi mkononi mpaka kikapoa.

Kisha mwalimu akamweleza. Alieleza vizuri, bila haraka, kama anayeongea na mama yake mzazi. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema mwishoni.

"Si wewe bibi. Ni mti."

"Mti hauna miguu, mwalimu. Haukuja wenyewe hapa."

Akaokota ganda la karanga mkekani. Nilidhani amekasirika. Alipoanza kusema tena hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi, nami ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari ya uzio wetu. Siku zote nilidhani ni wa kuzuia wezi wa kuku.

Baba yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Lori lilimgonga barabara ya kwenda Kibondo, asubuhi, akiwa amebeba mzigo wa mtu. Alikuwa mtoto pekee wa kiume wa bibi. Hayo niliyajua. Nisiyoyajua ni yale yaliyofuata.

"Baada ya kumzika, kila aliyepita barabarani alisimama," bibi alisema. "Pole mama. Pole mama. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Nachambua maharage, pole. Nafua, pole. Wengine hata hawakumjua, wameonyeshwa tu kwa kidole, ni pale, mama yake ni yule. Wananipa pole halafu wananiuliza ilikuwaje. Naanza kusimulia upya. Kila siku namuua mwanangu upya kwa mdomo wangu."

Alikuwapo mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akiuza dagaa na sabuni gulioni. Huyo alikuwa amezika watoto huko kwao kabla ya kukimbia. Yeye hakumpa bibi pole. Alimtazama tu. Gulio lililofuata akamletea fungu la vijiti vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Akaniambia, 'Panda hii, mama. Itakufunika mbio. Batu habatakuona tena.' Nikapanda. Na kweli, ikanifunika."

"Yuko wapi sasa huyo mama?" mwalimu akauliza.

"Walipelekwa Amerika, yeye na wanawe waliobaki. Siku ya kuniaga tulilia mpaka dagaa wake wakaliwa na kuku."

Mwalimu aliangua kicheko kidogo kisha akajifuta macho. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naitazama ile miiba, nikifikiri kwamba nimeishi ndani ya kilio cha mtu miaka yote ile na kuning'iniza sare zangu juu yake.

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Sisi wanafunzi tulisimama mbele na kamba zetu, mwalimu akaeleza tulichokiona: malisho yameliwa karibu nusu, na kijito nacho kinafuata. Alieleza habari za ndege na mbegu. Alisema, tena zaidi ya mara moja, kwamba mti huu upo Kasulu yote na Kibondo yote, kwamba nyumba nyingi zina uzio wake, kwamba hakuna aliyejua. Lakini macho ya watu yalikuwa yameshamtafuta bibi, aliyekaa pembeni ya wanawake wengine, kitenge chake kimekazwa mabegani.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Hivi vitu vililetwa na wakimbizi." Wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando yangu ameshika mraba wetu. Akaingiza ncha ya mtandio wake mdomoni.

Kisha baba mkubwa akasimama.

"Mimi nataka kuelewa," alisema. "Ng'ombe wangu waliuawa na uzio wa mama huyu. Ndiyo au siyo?"

"Waliuawa na mmea wenye sumu, baba, ambao ndege—"

"Nimeuliza uzio wa nani."

Kabla mwalimu hajajibu, bibi akainuka. Hakuwa mtu wa kuinuka mikutanoni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Aliongea Kiswahili chake cha Kiha, taratibu, na waliokaa nyuma wakasogea kumsikiliza.

"Ni uzio wangu. Niliupanda mimi, sikujua. Ng'ombe wako nawalilia, kwa sababu najua kufiwa. Nitaung'oa." Akavuta pumzi. "Ila na wewe nikuulize, mwanangu. Miaka yote hii umesema ni mimi. Wote hapa mmesema, nimesikia, majani hayazibi sauti. Sasa mmeambiwa na shule kwamba ni mti. Je, mtanisalimu?"

Baba mkubwa alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo, akaivaa tena. "Tutasalimiana, mama," alisema, akaketi. Mwenyekiti akaingia kwenye ajenda nyingine haraka, ya choo cha zahanati.

Tuliporudi, rafiki yangu alitembea mbele yangu mpaka karibu na njia panda ya kwao. Hapo akageuka.

"Babu yangu alikuja na sufuria moja na mtoto mgongoni," alisema. "Hakuja na mti."

"Najua," nikamwambia.

"Wewe unajua," akasema, akashika njia yake.

Tuling'oa uzio kiangazi, wakati hauna matunda mengi. Mwalimu na klabu walikuja Jumamosi mbili tatu, wakakata kwa mapanga. Siku nyingine zote ilikuwa mimi na bibi, na rafiki yangu kila alipomaliza kazi za kwao. Kukata si kitu. Shida ni visiki. Ukiacha mzizi, mvua ikinyesha unachipua upya na hasira zaidi. Bibi alichimba na jembe akiwa amepiga magoti, mikono imechubuka, na nilipomwambia apumzike alisema, "Nilipanda peke yangu, kwani nani alinisaidia?"

Ndani ya uzio mlikuwa na vitu vya miaka yote. Kandambili. Mpira uliopasuka. Kijiko tulichokitafuta mpaka tukasingizia mwizi. Na siku moja rafiki yangu, akiwa katikati ya matawi, akaita kwamba amekuta helmeti. Shina lilikuwa limeota kupitia uwazi wa mbele, likanenepea humo, ikabidi alikate juu na chini ndipo aitoe. Hakujua. Aliifuta vumbi kwa mtandio wake, akaileta akaiweka miguuni pa bibi kama mtu anayeleta kuku aliyepotea.

Bibi aliiweka mapajani. Kioo kilikuwa hakipo, rangi nyekundu imekuwa kama ya udongo. Kipande cha shina bado kilikuwa ndani.

"Polisi waliniletea hii," alisema, "yenyewe nzima, haina hata mkwaruzo. Alikuwa ameitundika kwenye usukani. Nilishindwa kuiweka ndani na nilishindwa kuitupa. Vijiti vilipochipua, nikaisukumia humo."

Rafiki yangu akaanza kuomba radhi, bibi akamzuia kwa mkono. Alijaribu kukitoa kile kipande cha shina, kikakataa. Mimi nikaleta kisu, nikakichonga kidogo kidogo mpaka kikatoka. Ilichukua muda.

Siku tuliyobakiza kisiki cha mwisho, kile cha kwenye kona ya barabara, kinene kuliko vyote, baba mkubwa alikuja. Hakubisha hodi, maana hapakuwa tena na mahali pa kubishia. Alikuwa na sururu na shoka. "Mama," alisema, "kaeni pembeni." Akavua shati, akakishambulia kile kisiki. Alichimba mpaka jasho likamtiririka mgongoni, akakata mizizi mmoja baada ya mwingine, akakisukasuka, na kilipong'oka alianguka nacho. Bibi alipiga makofi ya furaha kama msichana.

Alikimbilia jikoni. Nilimwona amefurahi, nami nikafurahi. Alitoka na kikombe kikubwa cha uji wa baridi, kile chake kizuri chenye maua, akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama inavyopasa.

"Kunywa, mwanangu. Umeniokoa."

Baba mkubwa alikitazama kikombe. Midomo yake ilikuwa imekauka, vumbi limeganda pembeni.

"Nimeshiba, mama," alisema.

"Basi maji tu."

"Hata maji. Nimetoka kunywa nyumbani. Asante sana."

Akachukua shati lake, sururu na shoka, akavuka barabara. Bibi alibaki amesimama na kikombe. Mwishowe alinipa mimi kikombe, nikanywa, ingawa sikuwa na kiu, na yeye alinitazama nikinywa mpaka tone la mwisho.

Naandika haya nikiwa mtu mzima, na bado sijui nimhukumu vipi yule baba. Alikuwa amekuja. Mgongo wake ulifanya kazi ambayo sisi wawili tusingeimaliza mwezi ule. Alijua kuwa ni mti, alikuwa ameambiwa mbele ya kijiji kizima, mikono yake ilikuwa imejaa utomvu na mikwaruzo ya mti huo. Na bado koo lake lilikataa.

Nyumba ikawa wazi. Jua liliingia mpaka chini ya kitanda. Mwanzoni nililipenda, nilisomea mlangoni bila kuwasha taa ya sola. Lakini barabara nayo iliingia. Bodaboda zilipita zikipunguza mwendo. Watu walishangaa kuona kumbe mle mna nyumba, mna kibibi, na waliokuwa wakubwa wakawaeleza wadogo, nikaona vidole vikinyooshwa. Wengine wakaanza kusimama upya. Pole mama, tulisikia. Bibi aliitikia kila mmoja, "Asante, tumeshapoa." Kisha akahamishia kigoda chake nyuma ya nyumba, upande wa jiko, akawa anachambulia maharage huko, ameupa ukuta mgongo. Nilimwambia tupande uzio mwingine, hata wa mibono, mwalimu alisema ng'ombe hawauli. Akakubali kwa Kiha, "Ego, tutapanda." Hatukupanda. Kila nilipoleta vijiti alikuwa amechoka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilipangiwa shule ya bweni wilayani Kibondo. Rafiki yangu hakuchaguliwa. Alikwenda kusomea ushonaji Kasulu mjini, na mwalimu alihamishwa. Mwisho wa mwezi nilikuwa nakwenda kwa mama, ambaye nilianza kumjua taratibu, kama unavyoanza kumjua shangazi wa mbali. Tulipika pamoja. Hatukuzungumza habari za Makere.

Likizo nilimkuta bibi amepungua. Malisho yalikuwa yameanza kurudisha nyasi sehemu za chini, alinionyesha kwa fahari, akasema hata baba mkubwa amenunua ndama. "Ananisalimu," aliniambia. "Kutoka ng'ambo ya barabara. Anapunga mkono." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayenipa habari ya mvua. Mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili ya shaba ilihamia juu ya kiwiko.

Alifariki masika, mchana, akiwa kwenye kigoda chake cha nyuma. Shangazi yangu, binti wa bibi aliyekuwa akija kumwangalia nilipokuwa shuleni, ndiye aliyemkuta. Maharage yalikuwa ungoni, mabovu yametengwa pembeni.

Mama alipata simu kabla yangu. Alikuja kunichukua shuleni mwenyewe, amevaa kanga mbili, na ndani ya gari mpaka Makere hakuniachia mkono. Watu walijaa msibani kuliko nilivyotegemea. Kwaya iliimba. Wanawake waliokuwa hawamwiti kupika kwenye harusi zao walipika kwenye msiba wake, wakitumia sufuria zake, nami niliwatazama nikiwa sina nguvu hata ya kuwachukia. Rafiki yangu alikuja na nguo aliyoishona mwenyewe, gauni jeusi la kunitosha mimi, akanivalisha chumbani, akafunga vifungo vyote vya nyuma.

Watu walipotawanyika, mimi na mama tulikaa nyuma ya nyumba tukiosha vyombo. Mvua ilikuwa imepita, ardhi nyekundu inanata miguuni. Mama alisugua kwa bidii, hakuinua kichwa.

"Alikuwa ananisema?" akauliza.

"Nani?"

"Bibi yako. Kwamba nilikuacha. Kwamba sikukaa hata mwaka."

Nilifikiri. Sikutaka kumdanganya, wala sikuhitaji.

"Hapana. Alikuwa anasema ulimpenda mwanawe kuliko alivyoweza kuvumilia kuona. Alisema ungebaki hapa mngeuana kwa huzuni, wewe na yeye."

Mikono ya mama ikasimama ndani ya maji.

"Hilo hakuwahi kuniambia mimi," alisema.

Hakurudi Kibondo siku ile, wala iliyofuata. Alisema mumewe ataelewa. Asubuhi ya tatu alikuwa akikunja nguo za bibi ili shangazi awagawie watu, na katikati ya vitenge akakuta kimoja alichomletea yeye, miaka mingi nyuma, bado kina gundi ya dukani, hakijafuliwa hata mara moja. Akakaa sakafuni nacho. Kisha akaanza kulia, na jina alilolitaja halikuwa la bibi. Lilikuwa la baba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka. Shangazi alisogea mlangoni akitaka kuingia, nikamwashiria kwa kichwa atuache, nikaketi sakafuni kando ya mama.